Lenzi Ndefu ya Zuberi

Amida alikuwa akipiga picha za harusi mjini Kamina tangu kabla hajaolewa, na ukumbi wa ile taasisi ya ualimu aliujua kama jiko lake: madirisha madogo, dari nyeusi, umeme unaokuja unapojisikia. Kwa mahafali ya mule ndani alitaka lenzi moja tu, ile fupi inayofunguka sana na kuokota mwanga hata gizani.

Papa Muteba, katibu wa taasisi, aliitazama lenzi hiyo kama mtu aliyeletewa kuku asiye na mapaja.

"Mama Amida, hii njo objectif?" aliuliza. "Bakubwa batakuya kutoka Lubumbashi. Bataona kitu kidogo kama kifuniko ya chupa. Ile ya bwana yako iko wapi?"

Ile ya bwana yake ilikuwa kabatini. Zuberi, muuza vitenge, alimnunulia mkewe lenzi ndefu kama mchi, ya kupigia picha wanyama walio mbali. Mapenzi yalikuwa ya kweli. Ila ndani ya nyumba, lenzi ile ilitoa ukungu, na katika uso wa mtu iliona pua peke yake.

"Papa, ile iko ya mbali," Amida alisema. "Mu salle, mule ndani, itaona giza na pua."

"Basi upige pua muzuri," Muteba alijibu bila kucheka. "Bila ile, natafuta mwengine."

Amida alirudi nyumbani na hasira zake, akafikiri, akapata akili. Alichukua kamera yake ya zamani, iliyokufa tangu ilipoingia maji, akaifungia ile lenzi ndefu, akampa mumewe.

"Baba Aisha, weye utasimama kuume. Unabonyeza tu. Minyi nitapiga na ile ndogo."

"Na bantu bakiniuliza kitu?"

"Habatakuuliza. Bataangalia objectif."

Hapo alisema kweli kuliko alivyotaka.

Siku ya mahafali Zuberi alikuja na suti ya Idi. Alipiga goti, akafumba jicho moja, akainua kidole kumtaka mhitimu anyanyue kidevu, na mhitimu akanyanyua. Dukani kwake hakuna aliyewahi kumtii hivyo. Kila aliyepanda jukwaani kupokea diploma alimpita Amida kwa macho kama anavyopita chungu cha maua, akamgeukia Zuberi. Stanislas, wa kwanza wa darasa, alimwinamia Amida kwa adabu kabisa.

"Mama, samahani, uko unafunika photographe."

Amida akasogea. Aliita, akapunga mkono, akapiga mluzi. Wapi.

Dorothée peke yake ndiye aliyemwona. Alikuwa mama wa watoto wanne, aliyeacha masomo mara mbili kwa ajili ya uzazi na mara mbili akarudi. Jina lake lilipoitwa, kofia ilimwangukia machoni. Akaiinua akicheka, na mtu wa kwanza mbele yake akawa Amida. Amida akabonyeza.

Picha zilitoka safi, mwanga mzuri, na kila uso, ila wa Dorothée, umegeukia upande kwenye kitu kisichoonekana. Amida alizipeleka kwa katibu, Zuberi nyuma yake. Muteba alizipitia moja moja.

"Banaangalia maisha yenye iko inakuya," alisema mwishowe, sauti imelainika. "Papa Zuberi, uko na jicho."

Picha ya Dorothée aliisukuma pembeni. "Huyu anacheka. Tena anatuangalia."

Amida alifungua kinywa aseme ukweli. Kisha akamwona mumewe ameinamisha kichwa taratibu, kama mtu aliyezoea kusifiwa, akafunga kinywa tena.

"Mwaka wa kuya nitasimama kushoto," Zuberi alimwambia walipofika nje. "Kuume mwanga haiko muzuri."

Amida alikwenda moja kwa moja kwa Dorothée kumpa ile picha iliyokataliwa, akijua moyoni kwamba ndiyo bora kuliko zote. Dorothée aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia sana, akamshukuru.

"Lakini Mama," aliongeza kwa aibu, "hakuna ingine, nikiangalia mbali sawa benzangu?"

Amida akamwambia avae joho. Akamsimamisha mlangoni, akamgeuza kidevu upande wa barabara, akabonyeza.