Pikapu Dukani kwa Klementina

Klementina alichoshwa na mkokoteni wa ng'ombe wa Lutonja. Kutoka stendi ya malori hadi dukani kwake, sabuni ilichukua asubuhi nzima. Biashara sasa ni huria, akasema, nani wa kusubiri ng'ombe? Akakodi pikapu.

Sabuni ikafika upesi, ikakaa dukani kutwa nzima bila kuuliziwa. Mjini hakuna aliyejua kama imekuja. Kumbe watu, kwa mazoea ya miaka ya uhaba, walikuwa wakiona katoni juu ya mkokoteni wanaufuata mpaka mlangoni kwake.

Kesho yake akamwita Lutonja.

"Nikabebe nini, mama? Mzigo si umeshafika?"

"Pakia huu huu. Zunguka nao sokoni, halafu unirudishie hapa. Na usithubutu kuwachapa hao ng'ombe."