Kabati la Humaid

Nalule alikuwa ameuziba ufa wa bomba la bafuni kwa kiganja, juu ya kiganja amekandamiza taulo, na juu ya taulo ameegemeza goti. Maji yalivipita vyote vitatu. Mwanzo yalitoka ya moto, yakambabua mkono hadi kwenye kiwiko. Hita ilipomaliza yake yakaanza kushuka ya tangini, na asubuhi ile ya Januari, upepo ukivuma mjini Sib tangu alfajiri, yalikuwa baridi ya kuingia kwenye mifupa. Tangi la juu ya paa lilikuwa la galoni mia sita. Siku ile ungeapa kwamba limeunganishwa na Bahari ya Oman.

Koki ya kulifungia ilikuwa huko huko juu. Mlango wa kwenda juu ulitiwa kufuli tangu Nabukalu, mfanyakazi aliyemtangulia Nalule, alipotoroka kwa kurukia paa la jirani. Bi Mahfoudha, mwenye nyumba, husimulia kwamba aliruka mita kumi na begi kichwani. Mwaka jana zilikuwa sita. Ufunguo alikuwa nao mwanawe Humaid, kwenye pete moja na funguo zote za nyumba, na Humaid alikuwa Wattaya, kwenye maduka ya magari, akitazama gari la kununua.

"Anasema anakuja," alisema Bi Mahfoudha. Alikuwa amepanda juu ya kitanda cha mwanawe, kanga ameikunja magotini, simu ameikumbatia. "Shika vizuri, unalegeza."

"Mama, huu mkono hausikii tena."

"Kwani unao mmoja?"

Katika nyumba zile hita huzimwa miezi ya joto, na maji yaliyotulia ndani yake ndiyo yanayoogwa kwa kupoza mwili, kwa kuwa yanayoshuka kutoka juu yanaweza kuchemsha yai. Ukiingia ubaridi ndipo hita hukumbushwa kazi yake. Bi Mahfoudha aliamka siku hiyo akasema anataka kuoga maji ya moto. Nalule alimjibu kwamba ukuta wa bafu la Humaid unatoka jasho, ameshamwambia Humaid mara mbili, naye amesema atamleta fundi kutoka Hamriya. Bi Mahfoudha akamuuliza tangu lini ukuta ukaugua homa. Nalule akawasha.

Sasa maji yalitoka bafuni, yakakata chumba, yakaingia chini ya kabati. Nalule aliyaona vizuri kutoka pale alipopiga goti. Ubao wa chini ulishaanza kuvimba. Nyuma ya ubao ule kulikuwa na droo, na ndani ya droo paspoti yake, ambayo Humaid aliichukua uwanja wa ndege siku aliyofika, zaidi ya miaka miwili nyuma, akasema kwake itakuwa salama. Leo ilikuwa Jumatatu. Ndege ya Nalule ilikuwa Alhamisi. Mkataba ulikwisha Septemba. Kwanza akaambiwa asubiri harusi ya mjukuu Ruba, kisha asubiri Bi Mahfoudha atolewe mtoto wa jicho. Huko kwao Mukono mama yake alishaacha kuuliza atarudi lini.

"Mama, nikalete ule mchi wa jikoni? Niipige kufuli ya kabati mara moja tu. Paspoti yangu inaloa."

"Kabati la Humaid?"

"Mara moja tu, mama."

"Liguse uone. Polisi wakija wakute umevunja kabati la watu, hiyo ndege utaipandia wapi?" Bi Mahfoudha akatazama chini. Maji yalifika sebuleni. "Wacha bomba. Toa mazulia."

Mazulia yalikuwa matatu, ya Kiajemi, na moja inasemekana lilikanyagwa na balozi, ambaye kwa kila mgeni anayesimuliwa hutoka nchi nyengine. Likilowa, zulia la namna ile huwa zito kama ngamia aliyekataa kusimama. Nalule aliyaburura hadi uani, moja moja, mkono uliobabuka akiubana kwapani. Kila aliporudi alilitazama kabati. Kila alipolitazama aliitwa.

Humaid alifika adhuhuri. Alipanda juu akafunga koki ya tangi tupu, akashuka, akafungua kabati. Hati ya nyumba na paspoti za watu wa nyumbani zilikuwa rafu ya juu, kavu. Akazihesabu. Droo ya chini ilibidi aivute kwa mguu. Mlikuwa na dhamana ya friji, dhamana ya mashine ya kufulia, na katika mfuko mmoja nazo paspoti ya Nalule, jalada limebanduka, kurasa zimegandana, mihuri imekuwa wingu la buluu.

"Nani aliwasha hita?"

Nalule alimtazama Bi Mahfoudha.

"Mie nlimwambia awashe," Bi Mahfoudha alisema. "Skumwambia apasue."

Humaid aliikung'uta paspoti. "Hii uwanja wa ndege hawaipokei. Itabidi uombe nyengine."

"Itachukua muda gani, baba?"

"Ubalozi wa kwenu huo. Wewe ndiye unayeujua." Akampa aishike. "Na ukiulizwa, ilikuwa kwako. Kwenye mfuko wa nguo, ukaifua."

"Lakini ilikuwa kwenye kabati."

"Kabati gani?" Mkono wake ulikuwa juu ya mlango wa kabati. "Sheria inasema mfanyakazi akae na paspoti yake mwenyewe. Basi ulikaa nayo."

Fundi wa Hamriya alikuja baada ya chakula, akatia bomba jipya kwa dakika arubaini, akauliza mbona hawakumwita mapema. Tangi likajazwa, Bi Mahfoudha akaoga maji ya moto. Nalule aliibana paspoti kwenye kamba ya uani kwa kibanio, kati ya zulia na zulia, akawa anaigeuza kila alipopita na ndoo. Picha ilikuwa ndani ya plastiki. Uso wake haukuharibika hata kidogo.

Alasiri Humaid alikuja uani. Alizigusa kurasa za paspoti kwa kidole, akaona imekauka, akaianua.

"Baba, si umesema nilikaa nayo?"

Aliingia nayo ndani. Safari hii aliiweka rafu ya juu, isije ikaloa tena, akafunga kwa ufunguo.