Kibodi Yenye Mwanga

Jana usiku niliota nimeingia dukani kununua kibodi yenye mwanga, na muuzaji akaniuliza nataka mwanga wa wapi, wa pwani au wa mlimani.

Nikamwambia wowote, mradi nione ninachoandika.

"Mwanga mwenye adabu haonekani," akasema. "Ukimwona, mrudishe."

Hapo nikang'amua kwamba mimi nazungumzia taa na yeye anazungumzia wanga, wale wachawi wanaosemwa kwamba huzunguka usiku na kucheza uchi kwenye milango ya wenzao. Nilitaka kumsahihisha, lakini nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na kila aliyekuwa kwenye foleni alikuwa amebeba mtoto mchanga. Ningeonekana mshamba. Nikasema nipe wa mlimani.

Niseme kwanza kwa nini nilikitaka kitu hicho, maana shida yenyewe si ya ndotoni. Naishi Tanga, Ngamiani, chumba kimoja, na mwanangu Mboni ambaye bado hajajua kutambaa. Baba yake, Mhina, yuko kwenye mashamba ya mkonge na huja anapopata ruhusa. Kazi yangu ni kuchapa. Watu wananiletea sauti walizorekodi kwenye mikutano na semina, nami nazigeuza kuwa maandishi. Sasa Mboni halali penye taa. Ukiwasha balbu analia mpaka anabadilika rangi. Kwa hiyo natundika blanketi dirishani mchana kweupe, namlaza kitandani, nampa mgongo, nachapa gizani.

Kazi ya gizani ina mambo yake. Juzi nilichapa semina ya wafugaji wa nyuki wa Handeni, vidole vikapotea njia, na kwenye kila "kuja" nikaweka f mahali pa j. Mgeni rasmi alikufa, akapokewa kwa ngoma. Wajumbe karibu wote walikufa mapema, ila mmoja alichelewa kufa kwa sababu ya mvua. Mhina alicheka kwenye simu mpaka akakohoa, akasema, "Mke wangu, tafuta kibodi yenye mwanga kabla hujatumaliza." Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo naogopa kuandika jina la mtoto wangu karibu na kitenzi chochote.

Na kuna jambo ambalo Mhina sijamwambia. Nikichapa, simsikii Mboni akipumua. Naacha, nasikiliza, naendelea, naacha tena. Kazi ya asubuhi moja inakula siku nzima kwa sababu ya kuacha huko. Naogopa kilichoko nyuma yangu, na kilichoko nyuma yangu ni mwanangu.

Basi, turudi dukani.

Muuzaji anaitwa Bi Nyamvula na anauza akiwa amefumba macho, kwa sababu, anasema, bidhaa za gizani zikitazamwa sana zinachuja. Anapapasa rafu, ananitolea kibodi ya kwanza. Hii inawaka rangi zote kwa zamu, nyekundu, kijani, zambarau. Nagusa herufi moja, na humo ndani vinapigwa vigelegele.

"Kuna harusi humo," anasema Bi Nyamvula. "Vijana wa magemu wanaipenda. Lakini huandiki neno mpaka kwanza ule pilau."

"Nina mtoto amelala."

"Basi si yako."

Bibi harusi anachungulia kati ya G na H, ananitazama kwa huruma, anarudi ndani.

Kibodi ya pili inatoa mwanga mweupe, ila unatokea pembeni tu mwa vitufe. Herufi zenyewe zimepakwa rangi juu na zote ni giza. Nauliza ipi ni ipi. Kibodi inajibu yenyewe. "Sisi hapa tunajuana," inasema. "Usiyejulikana ni wewe." Sipendi dharau ya namna hiyo, hasa kutoka kwa kitu ambacho sijakilipia. Naisukuma kando.

Ya tatu ni nyeusi, ya kawaida, haina makuu. Bi Nyamvula anaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Hii mwanga wake anakaa nyuma," anasema. "Herufi zimetobolewa, anapenya humo humo. Utaiona F, utaiona J, hutaua mtu tena."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma yako."

"Nyuma yangu yuko mtoto."

"Sasa si ndiyo vizuri? Mchawi mpe mtoto akulelee. Kwani ulidhani tunaisema bure?"

Watu wote wa kwenye foleni wanaitikia kwa kichwa na kuwaweka watoto wao vizuri begani. Naelewa sasa wamekuja kufanya nini. Nataka kusema hapana. Nafungua mdomo, na duka limeshakuwa chumba changu.

Blanketi liko dirishani. Nimekaa mezani, kibodi inawaka taratibu mbele yangu, kila herufi inasomeka. Nyuma yangu mtu anajikohoza.

"Shikamoo," nasema bila kugeuka, kwa kuwa nimefundishwa.

"Marahaba, mjukuu wangu. Usigeuke. Ukinitazama nazimika, na ukiacha kuandika pia nazimika. Vifaa vya siku hizi vinatunza chaji."

"Na Mboni?"

"Ninaye mkononi."

"Ukizimika, yeye inakuwaje?"

Nasikia boksi likigeuzwa. "Ninachokishika huzimika pamoja nami. Sikupanga mimi. Imeandikwa nyuma ya boksi."

Naanza kuandika. Naandika semina ya nyuki kwa kichwa, kuanzia dua ya kufungua, na sithubutu kuinua vidole hata kujikuna.

"Babu, anapumua?"

"Anapumua. Nitakuwa nakwambia."

Na kweli, kila baada ya muda mfupi ananiambia, kwa sauti ya chini, "Kapumua." Mimi naandika. "Kapumua." Naandika. Sijawahi kuambiwa neno zuri kuliko hilo na mtu yeyote, hata na Mhina wakati wa uchumba.

"Umewahi kulea?" namuuliza.

Anacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Mjukuu wangu, tangu hiyo methali yenu itungwe sijapata usiku wa kuwanga. Kila nikijipaka majivu nitoke, hodi, mama na mtoto. Nilikuwa mwanga wa kutajika mimi. Sasa najua dawa ya mchango wa tumbo, najua kumcheulisha mtoto, najua nani ameota jino na nani bado. Nimejiingiza kwenye kibodi nipate kupumzika, nimekukuta wewe."

"Samahani, babu."

"Si kosa lako. Kapumua."

Nimefika kwenye hotuba ya mgeni rasmi, ambaye safari hii amekuja salama, ndipo nasikia sauti nyembamba chini ya kidole changu cha mwisho cha kushoto.

"Mama Mboni," inasema herufi A. "Mimi naumwa."

"Vumilia kidogo."

"Nimevumilia. Hakuna neno la Kiswahili ambalo sipigwi. Mama, baba, asante, hapana, napigwa tu. Q na X wamekaa hapo tangu wazaliwe, wamenona, wananicheka. Na wewe unaringa kwa watu kwamba unachapa kazi. Anayechapwa ni mimi."

Q na X wanatazama pembeni. A inajing'oa mahali pake, inazimika, inajiviringisha hadi ukingoni mwa meza na kushuka. Naisikia inavyodunda sakafuni, kisha siisikii tena.

Hebu jaribu wewe kuchapa semina ya nyuki bila A. Neno nyuki lenyewe linaandikika, hilo nakubali. Lakini nyuki huyo hawezi kuruka, hawezi kung'ata, hawezi kutengeneza asali wala kuwa na mzinga. Nimebaki na mdudu asiye na la kufanya. Vidole vinasita, na herufi mbele yangu zinaanza kufifia.

"Mjukuu wangu," anasema babu, "miguu sina tena."

"A imeondoka."

"Andika chochote. Nimezimika hadi kiunoni."

Nasaka neno kichwani. Kila linalokuja lina A ndani yake, hata "haraka," hilo ndilo baya kuliko yote. Kisha linakuja moja ambalo halina. Mboni. Naandika Mboni, Mboni, Mboni, na mwanga unarudi kidogo.

"Nimepata magoti," anasema. "Lakini jina tupu halitoshi. Kibodi inataka sentensi."

Sentensi inataka kitenzi, nami nimeshasema ninavyoogopa. F na J zote mbili zinawaka, moja chini ya kidole hiki, nyingine chini ya kile, zinanitazama. Naikodolea J mpaka machozi yananitoka. Naandika: Mboni njoo.

"Umeandika nini?" anauliza babu. "Mtoto ameamka. Anataka kushuka."

"Hajui kutambaa."

"Ninamwambia hivyo, hanisikii. Na tena amelowa."

"Nepi ziko kwenye kamba, hapo ukutani."

"Nimeziona. Wewe andika." Nasikia vitambaa vikikung'utwa. "Ila mimi hufunga nyuma."

"Watu hufunga mbele, babu. Fundo litamchoma akilala."

"Fundo la mjinga ndilo linalochoma. Mimi ni wa nyuma, nafunga nyuma."

Mboni njoo, Mboni njoo. Naandika mpaka ncha za vidole zinakufa ganzi. Kidole cha kushoto kimeanza kuiegemea F. Najua sitafika mbali. Siku moja au dakika moja, ipo nitakayoshindwa kuandika, na huyu mzee atazimika na mwanangu mkononi, na nitakuwa nimempa mgongo.

"Babu, nimechoka."

"Najua," anasema. "Hata mimi."

Tangu Mboni azaliwe hakuna aliyewahi kunijibu hivyo. Wote huniambia kulea ni heri, jikaze. Nalia, lakini naandika huku nalia.

"Nikigeuka," namuuliza, "nikampokea kabla hujazimika?"

Anajikohoza tena. "Hilo sijawahi kuulizwa. Wengi wakishanikabidhi hawarudi." Nasikia anasogea karibu. "Mimi nitanyoosha mikono yangu. Nawe nyoosha yako."

Niliacha kuandika. Niligeuka.

Sikuona kitu. Ukizikodolea herufi zinazowaka kwa muda mrefu, chumba kizima kinapotea. Nilichoona ni M na B na O na N na I, zinaelea gizani popote nilipotazama. Nikapapasa. Nikashika hewa, nikashika ukingo wa kitanda, nikashika hewa tena. Nilijua nimemuua mwanangu kwa kuchoka. Kisha kitu cha moto, kizito, kikatua mikononi mwangu, na sauti iliyokuwa imeshafika mbali ikasema, "Mshike kichwa."

Nikaamka.

Nilikuwa nimelala mezani, shavu juu ya vitufe, shingo imekakamaa. Kulikuwa kumekucha. Jua lilipenya pembeni mwa blanketi, na mlango ulikuwa na komeo kwa ndani kama nilivyoufunga. Nilikimbilia kitandani, nikaweka kiganja puani pa Mboni. Alikuwa anapumua, mdomo wazi kidogo. Alikuwa amelala usiku kucha, naye si mtoto wa kulala usiku kucha, na mimi pia nilikuwa nimelala, mimi ambaye sikumbuki lini niliwahi kulala bila kushtuka.

Nikamgusa chini nikitegemea maji. Alikuwa mkavu. Nepi niliyomvalisha jioni ilikuwa inaning'inia kwenye kamba, imekamuliwa. Nikatafuta fundo la hii nyingine tumboni, mahali ninapolifunga siku zote, sikulipata. Nikamgeuza taratibu. Lilikuwa mgongoni, dogo, bapa, fundo la mtu ambaye ameshafunga mengi.

Kwetu mtu akiona jambo la namna hiyo hupiga ukunga, majirani wakajaa, shehe akaitwa. Nilisimama pale nikiungoja woga wangu. Nilikuwa nao tangu siku ya kujifungua, nikadhani leo ndiyo utazidi. Haukuja. Nilichosikia ni mwili wangu, umepumzika.

Sikulifungua lile fundo. Nilimlaza Mboni vizuri, nikaliweka sawa blanketi la dirishani, nikakaa mezani na kukipa kitanda mgongo.

"Babu," nikasema bila kugeuka, "leo pia nina kazi."