Spana ya Bogonko

Meneja wetu Kipruto hakunificha kitu. Wiki moja kabla ya safari ya semina ya kiwanda Mombasa aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Bitutu, kazi ya Bogonko ya kusimamia shifti ni yako ama ya Obonyo. Obonyo ni mzuri, wewe unamshinda. Lakini kwa hiyo shifti kuna mzee wa boila, na huyo mzee ni baba mkwe wako. Siku mvuke imekataa, utamwambia nini?"

Nikasema nitamwambia aongeze moto.

"Ukisimama wapi?" akauliza. Akaongeza kwamba atatangaza jina kwenye semina, siku ya mwisho.

Kiwanda chetu kiko karibu na Kapsoit. Mwaka huo, 1996, nilikuwa nimetimiza miaka tisa katika sehemu ya kunyausha majani ya chai. Pale juu feni hunguruma mpaka ukimpigia mwenzako kelele sikioni, anaona mdomo tu. Kwa hiyo tunagonga. Bomba la mvuke hupanda kutoka chumba cha boila hadi kwetu, na spana imefungwa hapo kwa kamba. Kugonga mara moja ni simama, mara mbili ni endelea, mara tatu ni ongeza. Mzee Ratemo huko chini akisikia tatu, hujibu tatu, na mvuke hupanda. Miaka tisa niligonga yeye akajibu, na hatukuwahi kutazamana kazini. Lakini aliyekuwa akiamuru ni Bogonko, msimamizi wa shifti, ambaye sasa alikuwa anastaafu. Mimi nilikuwa mkono wake tu, na Mzee alilijua hilo.

Kwetu Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe wana chinsoni kati yao, haya na heshima isiyochezewa. Haingii nyumbani kwangu. Hatupeani mkono. Neno likiwa gumu, tunalipitisha kwa mtu wa tatu. Kuonana nusu uchi, hilo hata halitajwi. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na mbili na sikuwahi kuona magoti ya mzee yule. Nami sikuwa na haja ya kuyaona.

Sasa wazieni tulipofika Diani, ufukweni kusini mwa Mombasa. Hoteli ilikuwa nzuri, sikatai, na kitanda changu kilikuwa kipana kuliko jiko langu. Mzee Ratemo alikaa siku mbili mwisho wa baraza akiwa amevaa koti lake la sufu na kofia, jasho linamtiririka, akiitazama bahari kama mtu anayengoja ikauke. Mimi nilikaa mwisho mwingine. Tukaendelea hivyo vizuri mpaka asubuhi ya mwisho, Okoth alipopuliza filimbi.

Okoth alikuwa mwalimu wa semina, ameletwa kutoka Nairobi. Alituchukua hadi kwenye bwawa la kuogelea, mahali maji yanafika kifuani. Kulikuwa na vyelezo viwili vya mbao juu ya mitungi ya plastiki, na juu ya kila kimoja vikombe kumi na viwili vya chai. Kila kundi lisukume chelezo chake hadi ng'ambo bila kumwaga. Kundi la kwanza kiongozi Obonyo, la pili kiongozi Bitutu. Halafu akasoma majina ya watu wangu, na jina la tatu lilikuwa Ratemo.

Nilimtazama Kipruto. Alikuwa anatazama minazi.

"Kila mtu ndani ya maji, hata leader," Okoth akasema. "Na ni swimming costume pekee. Hoteli imekataa nguo zingine kwa pool."

Nilimweleza taratibu kwamba mmoja wa watu wangu ni baba mkwe wangu. Okoth akacheka. "Madam, hapa ni beach! Hizo mila si mngeziacha Kericho?"

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia mambo ambayo mtu hamwambii mgeni. Ningeweza kwenda zangu chumbani, na nani angenilaumu? Lakini nilijua Jumatatu ingekuwaje: Obonyo ameshika spana, mimi ni mkono tena, na kila mtu anasema kwa upole kwamba haingewezekana. Sikuitaka huruma yao. Niliitaka ile kazi.

"Sheria inasema tuone?" nikamuuliza.

"Ati nini?"

"Inasema kila mtu aingie na avae costume. Inasema macho yawe wazi?"

Okoth akaikagua karatasi yake. Haikusema.

Nilimvuta kando Edinah, rafiki yangu wa sehemu ya kukausha, ambaye hakuwa katika kundi lolote, nikamtuma mwisho wa baraza. Alirudi akijikaza asicheke. "Mzee anasema hivi: mwambie mama Moureen nitaingia kwanza, nimefungwa macho tayari. Yeye aje nyuma." Mama Moureen ni mimi; Mzee hanitaji jina.

"Na kuhusu kugonga? Ulimwambia nitagonga mimi?"

"Nilimwambia. Hakusema kitu."

Watu wangu sita walifungwa macho kwa vitambaa vya meza vya hoteli. Mzee alitangulia. Mimi nilikuja mwisho, Edinah akiniongoza kwa mkono, kitambaa kimenibana mpaka kichwa kinauma. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nikashika pembe ya chelezo, nikasikia kundi la Obonyo likipiga kelele, "Kushoto! Wacha! Wewe, wacha!" na Obonyo mwenyewe akijaribu kuwapigia kelele zaidi.

Nikagonga mbao kwa kifundo cha kidole. Mara mbili.

Tukaanza kusonga. Watu wa kiwanda masikio yao yamezoea, na hakuna aliyeuliza kitu. Tulisonga polepole, hatua kwa hatua, vikombe vikitetemeka kidogo. Nilipohisi tunapinda nikagonga moja, tukasimama, tukanyoosha, nikagonga mbili. Katikati ya bwawa chelezo kikagoma. Nilihisi upande wa kulia, upande wa Mzee, umenasa kwenye kamba inayogawa bwawa, na ulihitaji kusukumwa kwa nguvu.

Nikagonga tatu.

Hakikutokea kitu. Safari hii hapakuwa na Bogonko nyuma yangu, na watu wote waliosimama ukingoni walijua hivyo. Ilikuwa amri yangu mimi, mke wa mwanawe, kwa mzee wa miaka hamsini na minane aliyesimama majini na kaptula ya kuazima. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku niliyojifungua. Lakini sikuomba radhi na sikumtuma mtu. Nikagonga tena tatu, kwa nguvu ileile, si zaidi.

Mbao zikajibu kutoka upande wa pili. Moja, mbili, tatu. Na chelezo kikapanda juu ya kamba kikapita.

Kundi la Obonyo lilifika kwanza likiwa na vikombe vitatu. Sisi tulifika wa pili, chai yote imo. Nilisikia wenzangu wakivua vitambaa na kushangilia. Mimi sikukivua changu.

"Bitutu, fungua macho," sauti ya Kipruto ikasema juu yangu. "Mmemaliza."

"Mzee ametoka?"

"Ametoka. Ameenda kuvaa."

"Amevaa?"

"Bado."

"Basi nangoja."

Kipruto akachuchumaa ukingoni. "Mimi pia niko na mother-in-law huko Sosiot," akasema kwa sauti ya chini. "Nikimuona kwa njia naingia kwa shamba ya watu. Kwa hivyo sikuchezei. Lakini shifti utaisimamia hivi, ukingoja mtu avae?"

"Miaka tisa hatujaonana na mvuke haujawahi kukosa," nikasema. "Uliniuliza nitasimama wapi. Nitasimama kwa bomba."

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na mlango wa chuma, na kutoka huko kukaja mlio. Kuna mtu aliyekuwa anaugonga mlango kutoka ndani, bila haraka. Mara mbili, kisha kimya.

Miaka tisa Mzee Ratemo alikuwa amejibu tu. Hakuwahi kugonga wa kwanza.

"Hiyo ni nini sasa?" Kipruto akauliza.

"Amevaa," nikasema. "Na anasema niendelee."

Kipruto akainuka, nikasikia magoti yake yakilia. "Jumatatu saa moja," akasema. "Bogonko atakupatia spana."

Nikafungua kitambaa.