Décharge ya Kwenda Idjwi

Kabla ya kupanda boti ya Papa Jean-Marie, kila abiria hutia sahihi décharge, karatasi ya kukubali kwamba likitokea la kutokea hatamdai mwenye boti. Ghislaine, karani wa chuo kikuu, alikuwa ameshaandika "lu et approuvé" kwenye yake, yaani nimesoma na nimekubali, bila kusoma hata neno moja. Ndivyo tufanyavyo Bukavu nzima. Mkono huandika wenyewe, kama ishara ya msalaba mlangoni mwa kanisa.

Ya mama yake ndiyo iliyomkwamisha. Maman Marcelline alikuwa amevuka ziwa mara moja tu maishani, bado msichana, akiletwa kuolewa. Dhoruba iliwapiga siku ile, akaapa hatayarudia maji hayo. Sasa dada yake Godelive alikuwa hoi kitandani huko kisiwani Idjwi, walikozaliwa, akiita jina lake. Mama alifika gatini akitetemeka waziwazi.

"Unisomee kwanza," alisema. "Siwezi kutia kidole mu kitu sijui."

Ghislaine akasoma, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyomwishia. Ninajua ziwa lina hatari. Ninajua naweza kuumia au kufa. Sitamdai mwenye boti, hata kama ajali itatokana na uzembe wa nahodha wake. Abiria waliokuwa wakipiga soga wakageuka kusikiliza. Wote walikuwa wameshatia sahihi.

Nahodha Willy aliinua kichwa kutoka kwenye mota. "Iko inasema vile? Uzembe wangu?"

Papa Jean-Marie alivaa miwani, akaisoma karatasi yake mwenyewe taratibu, mdomo wazi. Kumbe aliinakili kutoka karatasi ya watu wenye bwawa la kuogelea, akabadilisha maneno machache tu.

"Hapana, maman, hii iko mubaya," alisema. "Tunaikata. Kwa batu bote."

Akapiga mstari juu ya maneno ya uzembe, akatia sahihi pembeni. Willy naye akatia, bila kuombwa.

"Na ile ya kufa mu ziwa?" Mama aliuliza. "Ile hamuwezi kuikata?"

"Ile iko ya kweli, maman. Ziwa haiko yangu."

Mama akayatazama maji kwa muda mrefu. Ghislaine alimfunga jaketi la kuokolea, akavuta kila mkanda, kisha akasoma mstari wa mwisho: ninasafiri kwa hiari yangu mwenyewe.

"Ni nini hiyo?"

"Banauliza kama ni weye mwenyewe umependa kwenda, maman. Kama hakuna mutu amekulazimisha."

Mama akarudisha mkono wake kifuani. Ghislaine alijua sasa atakataa, watarudi nyumbani, na Godelive atazikwa bila wao.

"Siku ile baba alinipandisha mu mutumbwi, hakuna mutu aliniuliza," Mama alisema hatimaye. "Ku kanisa padri aliuliza, lakini baba alikuwa ananiangalia. Rudia pale."

Ghislaine akarudia, akimfuatishia maneno kwa kidole. Kicho kilimwingia. Mwanamke aliyezaa watoto saba alikuwa akiulizwa kwa mara ya kwanza anataka nini, na anayemuuliza ni karatasi ya boti.

Mama alinyoosha dole gumba likapakwa wino wa kalamu ya biki, akaligandamiza pale kwenye neno la Kifaransa la hiari, si mahali pa sahihi. Hakuna aliyemsahihisha. Akashika ukingo wa boti.

"Tupande," alisema. "Dada yangu iko ananingoja."