Upepo Kwenye Breki

Mkwe alishapiga simu kuuliza kama atafute teksi. Fundi akajibu kwa ukali kwamba mjukuu wake wa kwanza atatoka hospitali kwa gari la babu yake. Kisha akarudi chini ya gari. Alikuwa amebadilisha mpira wa breki uliopasuka, sasa pedeli ilikuwa inazama hadi sakafuni. Lazima upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta ya breki utolewe.

Mkewe alikaa kwenye usukani.

"Kanyaga!"

Akakanyaga.

"Shikilia hapohapo."

Fundi akalegeza nati nyuma ya gurudumu la mbali kabisa. Mafuta yakatiririka kwenye kimpira hadi kwenye chupa, yamejaa mapovu. Alipogeuza spana ili akaze, mafuta yakafyonzwa kurudi juu, mapovu na yote.

"Mbona umeachia?"

"Si ulikuwa unakaza?"

"Sijasema achia!"

"Ulikuwa unataka kusema."

Alikuwa kweli anataka kusema. Mwanamke huyu humsogezea chumvi kabla hajainua macho kutoka kwenye sahani. Wakarudia. Safari hii fundi alikohoa tu kabla hajakaza, mkewe akaachia. Upepo uliotoka ukaingia tena wote.

"Mama watoto, utaniua kwa wema."

"Basi toka huko, nipe hiyo spana."

"Wewe?"

"Mtungi wa gesi unafungwa na nani nyumbani? Njoo ukanyage. Wewe hujawahi kufanya jambo kabla hujaambiwa mara tatu."

Fundi akatambaa kutoka chini ya gari, akampa spana. Akaketi kwenye usukani.

"Kanyaga! Shikilia." Mkewe akalegeza nati, akaikaza. Kisha, "Achia. Baba watoto, achia! We mzee, nimesema achia!"

"Haya, naachia."

Kazi ikaenda kama maji. Walizunguka magurudumu yote, fundi akiteremka kila mara kujaza kopo la mafuta chini ya boneti, mpaka kimpira kikatoa mafuta matupu bila povu hata moja. Pedeli ikawa ngumu chini ya unyayo. Wakashusha gari, wakalijaribu kwenye mteremko wa nyuma ya karakana. Likasimama palepale, bila kuyumba.

Fundi akampigia mkwe. "Tunakuja. Hiyo teksi panda mwenyewe."

Akamnyooshea mkewe kitambaa afute mafuta kwenye viwiko.

"Nitanawa hospitali," mkewe alisema, akifunga mkanda. "Kwanza binti yako anione hivi hivi."