Damu ya Nani?

Tusajigwe, mkunga wa zahanati ya milimani aliyekuja chuoni kujiendeleza, alipitiwa na usingizi mchana kweupe mbele ya kompyuta ya maktaba. Tangu asubuhi alikuwa akipekua kanzidata za utafiti wa uuguzi na ukunga. Alitaka kujua kama Atupele, mama aliyemfia mikononi kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, angepona iwapo damu ile ingepimwa badala ya kukadiriwa kwa macho. Wenzake walikwenda kula wakicheka. Hakuna aliyemuuliza kinachomkereketa.

Usingizini akajikuta katika nchi ya nyumba nyingi, zote zimefungwa, na barabara zake hazina hata unyayo. Upweke alitembea ubavuni pake, kimya, kama ndugu aliyezoeleka. Mbele yao akatokea Haraka, mwanamke mwenye kanga iliyofungwa ovyo, anahema. "Paza sauti tu, watakufungulia!" akasema. Tusajigwe akaita, "Damu!" Milango yote ikafunguka kwa kishindo, karatasi zikamiminika kama mto uliovunja kingo, zikampanda magotini, kiunoni, kifuani. "Okota za juu uondoke," Haraka akamhimiza. "Nani atajua?" Tusajigwe akaokota moja: ilihusu damu ya ng'ombe. Akaitupa, akajikokota hadi kwenye kizingiti kilichoinuka, alipokuwa ameketi mwanamke mwenye mimba pevu, anajipapasa tumbo taratibu. Huyo alikuwa Subira.

"Unatafuta nini, dada?"

"Damu."

"Damu ya nani? Ilitoka lini? Nawe ungefanya nini ambacho hukukifanya?"

Swali la mwisho lilimchoma. Tusajigwe akasema kwa sauti iliyokatika, "Ya mama aliyekwisha kujifungua. Ningeipima. Niliiangalia tu, nikasema ni ya kawaida."

"Basi ita hivyo hivyo, yote kwa pamoja. Wala usiite kwa jina moja. Nyumba hii humwita mzazi, ile humwita mama aliyejifungua. Ukikazania neno lako peke yake, wengi watakusikia wasijue wanaitwa wao."

Akaita. Karatasi zikapwa, milango ikajifunga mmoja baada ya mwingine, ukabaki mmoja wazi. Ndani, mwanamke aliyevaa sare ya ukunga alikuwa amewapa mgongo, anaandika. Alipoanza kugeuka, Tusajigwe akaamka.

Maktaba ilikuwa tupu bado. Hapo ndipo alipotambua: asubuhi nzima alikuwa akiita huku akilikimbia swali lake mwenyewe. Akaliandika lote kwenye kompyuta, pamoja na majina yote ya mama aliyejifungua. Yakaja machapisho machache. La kwanza lilikuwa la mkunga wa nchi ya mbali, nalo lilianza hivi: "Tulimpoteza mama, na hakuna kati yetu aliyejua alivuja damu kiasi gani."

Tusajigwe akasoma sentensi ile tena, kwa sauti. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Atupele.